Deni Lisilolipwa Gerezani

Somo: Luka 19:1-10

Popote mlipo saa hii, jikoni mkikoroga uji, njiani mkienda kazini, kitandani hospitalini, na ninyi pia mnaotusikia mkiwa ndani ya kuta za gereza, karibuni tuketi pamoja kwa dakika chache.

Habari za Zakayo twazijua tangu shule ya Jumapili. Lakini leo tusimtazame akiwa juu ya mkuyu. Tumtazame akiwa amekwisha kushuka, amesimama nyumbani kwake mbele ya Bwana, anapiga hesabu.

Zakayo alikuwa mkubwa wa watoza ushuru, na ndani ya mali yake mlikuwa na jasho la watu wengine. Watu wa Yeriko walimjua. Walijua alichokula, na alikila kwa nani. Ndiyo sababu walinung'unika walipomwona Bwana akiingia kwake. Tusiwalaumu upesi. Mtu aliyedhulumiwa ana haki ya kuuliza: huyu leo anakula na mgeni wa heshima, na mimi je?

Bwana hakuwatolea wale watu hotuba. Aliyewajibu ni Zakayo mwenyewe. Tena angalieni alivyojibu. Hakusema kwamba yaliyopita yamepita. Hakusema kwamba Mungu amekwisha kumsamehe, basi na wao wamsamehe. Alitaja kiasi, na alitaja watu: maskini wapate nusu ya mali yake, na kila aliyemdhulumu arudishiwe mara nne. Torati, katika kitabu cha Hesabu mlango wa 5, ilimtaka mkosaji anayeungama arudishe chote alichochukua na kuongeza sehemu ya tano juu yake. Zakayo alikivuka kipimo hicho. Alijitwika kipimo cha mwizi wa kondoo aliyekwisha kumchinja, tunachokisoma katika Kutoka mlango wa 22: kondoo wanne kwa mmoja. Hakulitafutia kosa lake jina zuri.

Basi tujiulize: kama Zakayo angefungwa gerezani asubuhi ile, wale aliowanyang'anya wangepata nini?

Wapendwa, swali hilo si la Yeriko peke yake. Tuseme mama mmoja mjane ana mbuzi wawili wa maziwa. Kijana wa jirani, mwenye miaka 19, anawaiba usiku, anawauza sokoni, na fedha anazinywa. Anakamatwa, anakiri, anafungwa miezi 6. Kijijini watu wanasema haki imetendeka.

Twende polepole. Mama yule amekwenda mahakamani mara tatu. Kila mara amelipa nauli na kukifunga kibanda chake cha mboga. Siku ya kutoa ushahidi ameulizwa mbuzi walikuwa wangapi na wa rangi gani. Hakuna aliyemwuliza watoto wake wanakunywa nini sasa. Kesi imekwisha na mbuzi hawakurudi. Tena kila anaponunua kipande cha sabuni hutoa kodi, na katika kodi hiyo imo senti inayomlisha yule kijana huko ndani.

Kijana naye amelala bega kwa bega na watu waliobobea katika uhalifu. Aliingia akijua kuiba mbuzi, atatoka akijua kuvunja duka. Yule mama alimwona mahakamani tu, na pale alimwona kama adui anayemshitaki. Miezi 6 ikiisha atarudi nyumbani na kusema, "Mimi nimekwisha kulipa." Amemlipa nani?

Hapo ndipo tunapotaka kusimama leo. Hatusemi magereza yabomolewe. Wako watu ambao wasipozuiwa watadhuru wengine, na serikali imepewa mamlaka ya kuwazuia. Warumi mlango wa 13 watufundisha tuyaheshimu mamlaka hayo. Lakini gereza laweza kumzuia mtu, wala haliwezi kulipa deni lake. Sisi wachungaji tunaozuru magereza huwakuta humo watu waliokosa makosa madogo, wengine wakitumikia kifungo kwa kuwa hawakuweza kulipa faini. Siku zao zinahesabiwa, lakini deni lao kwa jirani limebaki vilevile.

Katika Torati hatuoni mwizi akiadhibiwa kwa kufungiwa nyumba ya gereza. Twamwona akirudisha. Mnyama akikutwa mkononi mwake angali hai, alilipa wawili. Asiye na kitu aliuzwa, kazi ya mikono yake ilipe. Utumwa ule hatutaki urudi kamwe. Lakini shabaha ya sheria ile yatufaa hata leo: aliyevunja ajenge, tena ajenge pale alipovunja.

Wazee wetu nao walilijua jambo hili kabla ya korti ya kwanza kujengwa hapa. Wameru walikuwa na Njuri Ncheke, Wamijikenda wazee wa kaya, Wasomali maslaha yao. Taratibu zao zilitofautiana, na si zote zilizokuwa njema. Lakini mara nyingi aliyekosa alisimama mbele ya aliyemkosea, akasikia kwa masikio yake hasara aliyoileta, na ukoo wake ukasaidia kulipa.

Wasikilizaji wengi hawajui kwamba sheria za Kenya zimeufungua mlango huo. Probesheni iko nchini tangu miaka ya 1940. Mwaka 1998 Bunge lilipitisha sheria ya amri za huduma kwa jamii. Kwa sheria hiyo, mtu ambaye kosa lake lina kifungo kisichozidi miaka 3, au ambaye kosa lake lina kifungo kirefu zaidi lakini mahakama imeona anastahili kisichozidi miaka 3, aweza kuamriwa afanye kazi ya kuufaa umma, bila malipo, badala ya kwenda jela. Sheria yenyewe yazitaja baadhi ya kazi hizo: kutengeneza barabara, kupanda miti, kutunza maji, kukarabati shule na hospitali za umma, kuhudumu katika makao ya mayatima. Kabla ya kuamua, mahakama huletewa taarifa ya afisa aliyechunguza kosa na maisha ya mkosaji. Mkosaji akiikaidi amri, hurudishwa mbele ya mahakama, na yaweza kumpa kifungo. Hicho ndicho watu hukiita kifungo cha nje.

Yako na mengine. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 159, inaziagiza mahakama zikuze upatanisho, usuluhishi na njia za jadi za kumaliza ugomvi. Sheria ya kuwalinda waathiriwa ya mwaka 2014 inampa aliyekosewa haki ya kuingia katika njia ya haki inayorejesha, kwa kupenda kwake. Mwaka 2020 Idara ya Mahakama ilitoa sera ya mifumo mbadala ya haki. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 nayo inaonyesha jinsi mtoto aliyekosa aweza kuelekezwa kwenye njia nyingine pasipo kuburutwa katika kesi.

Lakini hapo tuangalie sana. Mkosaji ana madeni mawili. Akifyeka nyasi za shule, amelilipa deni la kijiji. Deni la mama wa mbuzi bado lipo. Mahakama yaweza kuagiza alipwe fidia, na katika makosa madogo yaweza kuwahimiza watu wapatane kwa masharti. Lakini hakimu hawezi kukaa kijijini kutazama kama kijana anapeleka fedha kila mwisho wa mwezi. Hawezi kumtia moyo mama afungue mlango. Kazi hiyo imeachiwa majirani, na sisi tunaokusanyika kanisani kila Jumapili ndio majirani hao.

Kisa kimoja kilichotokea ng'ambo chaonyesha lile ambalo majirani na waamini waweza kulifanya. Mwaka 1974, katika mji mdogo wa Elmira, jimbo la Ontario nchini Kanada, vijana wawili walilewa, wakazunguka usiku wakikata magurudumu ya magari na kuvunja madirisha. Walikiri makosa 22. Afisa wa probesheni aliyeitwa Mark Yantzi, muumini wa kanisa la Wamennonite, alipendekeza vijana hao wapelekwe kwa watu waliowaharibia mali, mlango kwa mlango. Hakimu akakubali.

Fikirini safari ile. Kubisha hodi, mlango ufunguliwe, nawe useme, "Ni mimi niliyefanya." Kisha kwenda nyumba ya pili, na ya tatu. Si ajabu kama wangaliona jela kuwa nyepesi kuliko kutazamwa usoni na mzee aliyelala kwa hofu usiku kucha. Walisikia kila mtu amepata hasara gani, na baada ya miezi michache walirudi na fedha za fidia. Kutokana na safari ile mpango wa kuwakutanisha mkosaji na aliyekosewa ulienea katika nchi nyingi. Mmoja wa vijana wale, baada ya miaka mingi, alijitokeza hadharani na kujitolea katika kazi hiyohiyo ya upatanisho.

Sasa tuyasikie malalamiko yanayosemwa kwetu, maana ni ya kweli. Mtu anapelekwa kortini Jumatatu, na Jumanne yuko sokoni. Watu wanatikisa vichwa: "Ametoa kitu kidogo." Hongo ipo katika nchi yetu, wala hatuifichi. Lakini mara nyingine mtu yule hakutoa hata senti. Amehukumiwa, na kila asubuhi anakwenda kufagia zahanati. Hakuna aliyelieleza kijiji. Chifu hakulitaja barazani, nasi hatukulitaja kanisani. Na kijiji kisichoelezwa hujieleza chenyewe. Siku kuku mwingine akipotea, umati hukusanyika na mawe na gurudumu la gari. Mahakama ilimhukumu kufagia, umati ukamhukumu kufa. Na katika umati kama huo, ndugu, hukosi kumkuta mtu aliyepokea Meza ya Bwana Jumapili iliyopita. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hujengwa kwa damu.

Hata hivyo, pana jambo ambalo hatuna budi kulisema kwa sauti, maana neno "upatanisho" limetumiwa kufunika uovu. Mtoto wa kike ananajisiwa na mtu anayejulikana. Wazee wanaketi. Baba anapewa fedha au mbuzi, chai inanywewa, na jioni mtoto anaambiwa mambo yamekwisha. Wakati mwingine hata mzee wa kanisa yupo, na mkutano unafungwa kwa sala. Huo si upatanisho. Ni biashara, na aliyeuzwa ni mtoto.

Katiba ileile inayoruhusu njia za jadi, katika kifungu kilekile cha 159, yakataza zisitumiwe kuvunja haki za mtu wala kuleta matokeo yanayokinzana na haki na maadili. Na kwa sheria ya makosa ya kingono ya mwaka 2006, uamuzi wa kuiachilia kesi ya namna hiyo haumo mikononi mwa wazee, wala mwa baba, wala mwa mchungaji. Umo mikononi mwa Mkurugenzi wa Mashitaka ya Umma.

Someni 2 Samweli mlango wa 13. Tamari alitendwa jeuri na Amnoni, ndugu yake kwa baba. Absalomu akamwambia anyamaze. Daudi baba yao alikasirika sana, lakini hatusomi kwamba alifanya lolote. Tamari akakaa nyumbani kwa Absalomu katika ukiwa. Nyumba ile iliyochagua kimya haikupata amani. Baada ya miaka miwili Absalomu alimwua Amnoni, na baadaye akamwasi baba yake, damu juu ya damu. Jambo lilifunikwa, lakini halikupona.

Basi tutaupimaje upatanisho, tujue kama ni wa kweli? Tuulize maswali matatu. La kwanza, je, aliyekosewa mwenyewe amesikilizwa, tena kwa hiari yake, pasipo kutishwa wala kubembelezwa? La pili, je, mkosaji amekiri pasipo kulaumu pombe, marafiki au shetani? La tatu, je, kinachorudishwa kinamfikia yule aliyevunjiwa, au kinaishia mikononi mwa wazee? Zakayo aliwarudishia waliodhulumiwa wenyewe. Jibu likiwa "hapana" hata mara moja, tusiketi katika mkutano huo na kuubariki. Na kwa kosa la kumharibu mtoto, tusingoje hata kuuliza. Mtoto apelekwe hospitali, na habari ifike kwa polisi siku hiyohiyo.

Lakini kwa makosa yale mengi ambayo sheria imeyafungulia mlango, kanisa lifanye nini? Tuutazame waraka wa Paulo kwa Filemoni. Onesimo alikuwa ameondoka kwa bwana wake, na yaonekana alikuwa na deni. Paulo hakumficha, ingawa alimpenda. Alimrudisha. Lakini hakumrudisha mikono mitupu, alimpa waraka. Na katika waraka huo aliandika kwamba, ikiwa Onesimo anadaiwa chochote, deni hilo liandikwe juu yake yeye Paulo. Mzee aliyekuwa kifungoni alijifanya mdhamini wa kijana mwenye deni.

Hiyo ndiyo kazi ya parokia. Afisa wa probesheni akija kuuliza habari za mtu, tumwambie kweli, wala tusimpake mtu matope kwa chuki, wala tusimpake mafuta kwa kuwa mama yake anaimba kwaya. Kijana akiletwa kufanya kazi shuleni kwetu, tusisimame kwenye ua kumcheka na kumpiga picha kwa simu. Apewe jembe lenye makali na kazi yenye maana. Seremala au fundi wa mawe aliye miongoni mwetu amwite kando amfundishe ufundi wake, ili kazi ile ikiisha awe na njia ya kupata fedha za kumlipa aliyemwibia.

Na kabla ya kwenda kwa kijana, twende kwa mama. Umoja wa Akina Mama wamtembelee wiki ileile, si kumhimiza asamehe, bali kumsikiliza na kuona watoto wanakula nini. Mara nyingi sisi watu wa kanisa huwa na haraka ya kusikia neno "nimesamehe", kwa sababu linatupumzisha sisi. Msamaha haukamuliwi kama chungwa. Asipotaka kumwona kijana yule, asilazimishwe, na fidia yake apelekewe na mtu mwingine. Siku akiwa tayari, yeye ndiye atakayechagua mahali, na atakayezungumza kwanza.

Kisha siku kijana anapokwenda kwake na malipo ya kwanza, asiende peke yake. Mzee mmoja wa kanisa atembee naye. Na akishindwa kumaliza deni, tusiogope kufanya kama Paulo, tukachanga kidogo. Twachangia kila mwaka mabati, viti na vipaza sauti. Mbuzi mmoja hatatufilisi.

Nawe ndugu uliye gerezani, hatukukusahau. Yamkini huna kitu cha kurudisha leo. Lakini Zakayo alianza kwa kutaja kiasi. Nawe litaje deni lako mbele za Mungu kwa jina na kwa hesabu: nilimwibia fulani, kiasi fulani. Usilipunguze. Zungumza na mchungaji anayezuru hapo au afisa wa ustawi, uulize kama iko njia ya kumfikishia ujumbe yule uliyemkosea, akikubali kuupokea. Siku zako za kufungwa zitakwisha kwa kalenda. Deni lile litakwisha kwa kulipwa, au kwa kusamehewa na yule anayedai.

Tumalizie hapa. Bwana alimwita Zakayo mwana wa Ibrahimu. Alilisema jambo hilo masikioni mwa watu, ndani ya mji uleule ambamo jina la Zakayo lilikuwa limeoza. Kumrudisha mtu kwa Mungu kulikwenda pamoja na kumrudisha kwa majirani, na njia ya kurudi ilipita katika mifuko ya fedha. Swali linalotubakia sisi tulio nje ni hili: wiki hii, katika kijiji chetu, yuko nani aliyeibiwa ambaye bado hatujamtembelea, na yuko nani aliyeiba ambaye hatujakubali kutembea naye?

Na tuombe.

Ee Mungu mwenye haki na rehema, uwakumbuke waliodhulumiwa na hakuna aliyewauliza habari zao. Uwalinde watoto ambao wakubwa wamewauza kwa ajili ya amani ya uongo, ukatupe ujasiri wa kusema kwa ajili yao. Uwape mahakimu na maafisa hekima na mikono isiyopokea hongo. Uwape waliokosa moyo wa Zakayo, wasimame na kuhesabu. Nasi utuondolee mawe mikononi, utupe miguu ya kwenda. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Hadi tutakapokutana tena hewani, neema ya Bwana iwe pamoja nanyi nyote.